Kura 17 Zilizomponza Verhofstadt

Guy Verhofstadt alishindwa mbio za urais wa Bunge la Ulaya jioni ya Jumatatu, tarehe 9 Januari 2017, siku nane kabla wabunge hawajapiga kura Strasbourg. Waliofuatilia wanaijua habari yenyewe. Naifukua kwa sababu vijana wa harakati za shirikisho la Ulaya, hasa wale wa JEF, jumuiya ya vijana wanashirikisho, wanapochagua viongozi wao, bado wanamchukua Verhofstadt kuwa mwalimu wa kugombea. Wanaisambaza ile hotuba ya Julai 2015 alipomkabili Waziri Mkuu wa Ugiriki, Alexis Tsipras, ana kwa ana, mikono hewani, sauti juu. Hotuba ilikuwa nzuri, sina neno. Ila kampeni yake ya 2017 ni mfano wa jinsi mwanashirikisho asivyopaswa kugombea, na kosa kubwa ni moja tu: kumfuata Beppe Grillo.

Kumbukeni Verhofstadt alikuwa nani siku hizo. Waziri Mkuu wa zamani wa Ubelgiji, kiongozi wa ALDE, kundi la waliberali, tangu 2009, mmoja wa waasisi wa Spinelli Group mwaka 2010, mtu aliyeandika kitabu kizima kudai Muungano wa Madola ya Ulaya. Tangu Septemba 2016 Bunge lilikuwa limemkabidhi pia faili la Brexit. Sasa mtazameni aliyemwendea. Vuguvugu la Nyota Tano la Grillo lilikuwa na wabunge 17, na wote walikuwa wameketi EFDD, kundi moja na Nigel Farage, kinara wa Brexit. Grillo mwenyewe alikuwa amezunguka Italia akidai kura ya maoni kuhusu sarafu ya euro. Mtu wa shirikisho anatafuta nini huko?

Alitafuta hesabu. ALDE ilikuwa na wabunge 68. Ongeza 17 unapata 85, na kwa 85 ungewapiku ECR ukashika nafasi ya tatu bungeni. Kundi la tatu hupata muda zaidi wa kuzungumza, nafasi nono kwenye kamati, fedha na wafanyakazi. Hayo ni kweli na hakuna anayeyabeza. Lakini Verhofstadt hakuwa akigombea uenyekiti wa kamati.

Mambo yalikwenda hivi. Kwanza yeye na watu wa Grillo wakakubaliana. Kisha Grillo akawaita wanachama wake wapige kura mtandaoni, Jumapili tarehe 8 hadi Jumatatu. Kura zikafika 40,654, na asilimia 78.5 wakasema twendeni ALDE. Baada ya hapo, Jumatatu hiyo hiyo jioni, ndipo wabunge wa ALDE wakaketi kuulizwa kama wanawataka wageni hao. Yaani mtu amepeleka posa, mahari imepokewa, upande wa pili wameshapiga vigelegele, ndipo anarudi nyumbani kuwauliza wazee wake wanamwonaje mchumba. Wazee wakakataa.

Verhofstadt akatoka kwenye kikao akieleza kuwa hapakuwa na msingi wa pamoja wa kutosha katika mambo makuu ya Ulaya. Maelezo hayo yananiudhi kuliko uamuzi wenyewe. Msingi huo haukutoweka jioni ile baina ya saa moja na saa tatu. Haukuwapo tangu Grillo apeleke wabunge wake Brussels mwaka 2014, na kila aliyewahi kumsikia akizungumzia euro aliujua ukweli huo. Kiongozi wa kundi aliyekaa kwenye kiti zaidi ya miaka saba alihitaji kikao cha wenzake kumwambia jambo ambalo msomaji yeyote wa magazeti ya Italia angemwambia bure.

Na tuzitazame hizo kura 17 kwa karibu, maana hapo ndipo hesabu inapovunjika vipande. Grillo, baada ya kulalamika kwamba wenye mfumo wao wameungana kumzuia (hoja ya bure aliyopewa na Verhofstadt kwa mikono miwili), akarudi kwa Farage. Lakini hakurudi na wote. Marco Affronte akahamia kwa Greens. Marco Zanni akaenda ENF, kundi la Marine Le Pen. Mmoja kwa wanamazingira, mwingine mrengo wa kulia kabisa, ndani ya siku chache tu. Watu wa aina hiyo ndio Verhofstadt aliowahesabu kana kwamba ni fungu moja la kura linalobebwa mfukoni. Tena urais wa Bunge la Ulaya huamuliwa kwa kura ya siri, ya karatasi. Hata wangeingia wote 17, hakuna mnadhimu wa kundi ambaye angejua nani kaandika jina gani.

Kanuni nazo zilikuwa wazi mezani. Duru tatu za kwanza mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Asipopatikana, duru ya nne wanabaki wawili walioongoza, na hapo mwenye nyingi ndiye. Mwenye nafasi ya tatu hafiki duru ya nne, awe na wabunge 68 au 85. Mgombea wa ALDE angeshinda kwa njia moja tu: mojawapo ya makundi mawili makubwa limkubali kuwa mgombea wake. Kwa kukubalika huko unahitaji sifa ya mtu anayeaminika na kundi lake, kuliko unavyohitaji Waitaliano 17 waliotoka kwa Farage.

Na mlango ulikuwa wazi. Msoshalisti Gianni Pittella wa S&D aliyavunja makubaliano ya 2014, yale ya S&D na EPP kupokezana kiti, na alifanya vyema. Antonio Tajani wa EPP, kundi la mrengo wa kulia wa kati, alifanya kampeni tulivu isiyo na kosa. Makundi makubwa yakawa yanavutana, na katikati wamekaa ALDE na watu wao 68. Turufu ilikuwa mkononi tayari.

Tarehe 17 asubuhi Verhofstadt akajitoa na kutia saini makubaliano na EPP ya kumuunga mkono Tajani. Makubaliano yenyewe yaliandikwa vizuri. Duru ya kwanza Tajani 274, Pittella 183. Ya pili 287 kwa 200. Ya tatu 291 kwa 199. Ya nne, 351 kwa 282. Kura ilikuwa ya siri na hatujui nani alifanya nini, lakini hesabu haina siri: watu 35 wakihama kutoka kwa Tajani, Pittella anapata 317 dhidi ya 316. Kundi lenye wabunge 68 lilikuwa na karibu mara mbili ya hao. Kwa hiyo wale 17 walikuwa wa nini? Nguvu aliyokwenda kuiomba kwa Grillo alikuwa nayo nyumbani tangu mwanzo. Alichopoteza kwa kwenda kuiomba ni bei. Aliketi na EPP wiki moja baada ya kundi lake kumkatalia hadharani, na kila aliyekuwa upande wa pili wa meza alijua hilo. Mwanashirikisho mkuu wa Bunge akaondoka na karatasi, na kiti akakaa mmoja wa waasisi wa Forza Italia aliyewahi kuwa msemaji wa Silvio Berlusconi.

Karatasi hiyo ilikuwa na thamani gani tuliona tarehe 7 Februari 2018. Orodha za wagombea wa Ulaya nzima, jambo ambalo vijana wa shirikisho wamelidai miaka nenda miaka rudi, zilikataliwa kwa kura 368 dhidi ya 274, na 34 hawakuegemea upande. Waliongoza kuzizamisha EPP hao hao. Nimeliandika hili mara nyingi na sitachoka: kama kuna siku ALDE ilipaswa kukumbushia deni la Januari 2017, ni siku ile.

Sasa najua watakaonijibu kwa jina la Altiero Spinelli. Watasema: huyo naye, baba wa shirikisho, mwandishi wa Manifesto ya Ventotene ya 1941 pamoja na Ernesto Rossi, si aliingia Bunge la Ulaya mwaka 1979 kwa orodha ya Chama cha Kikomunisti cha Italia? Aliingia. Lakini tazameni jinsi alivyoingia. Chama hicho kilikuwa kimemfukuza mwaka 1937, akiwa bado mfungwa wa Mussolini. Karibu miaka arobaini baadaye kikamweka kwenye orodha yake akiwa mgombea huru, kwanza bunge la Italia mwaka 1976, kisha la Ulaya. Yeye hakuhama hata nukta moja. Wao ndio waliosogea kumfuata alipokuwa amesimama tangu kisiwani Ventotene.

Na alipofika Strasbourg hakuanza kuhesabu makundi. Juni 1980 aliwaandikia wabunge wote barua. Julai wakakutana tisa, yeye akiwemo, kwenye mkahawa wa Au Crocodile, wa vyama mbalimbali, na hapo ndipo lilipotoka jina la Klabu ya Mamba. Kila mmoja aliingia kwa saini yake mwenyewe chini ya maandishi yanayosomeka, na aliyeyakataa hakulazimika kuja. Kutoka mezani pale wakapata kamati ya kudumu ya mambo ya taasisi mwaka 1982, na tarehe 14 Februari 1984 Bunge likapitisha rasimu ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya kwa kura 237 dhidi ya 31, na 43 wasioegemea upande. Rasimu haikuwa sheria, serikali ziliichakachua na kuizaa upya kama Mkataba Mmoja wa Ulaya wa 1986, na Spinelli alifariki Mei mwaka huo akiwa hajaridhika. Ila linganisheni na tarehe 22 Novemba 2023, Verhofstadt akiwa mmoja wa waandishi wa ripoti ya kubadili mikataba: 291 dhidi ya 274, na 44 wasioegemea upande. Kazi ya Verhofstadt kwenye ripoti ile na kwenye Mkutano wa Mustakabali wa Ulaya ilikuwa nzuri. Lakini tofauti ya kura 206 na ya kura 17 inaonyesha nani aliwaandaa watu kabla ya kuwaita.

Tabia ya Januari 2017 haikuishia pale. Mwaka 2019, utaratibu wa kila chama kuweka mgombea wa urais wa Kamisheni, uliompa kiti Jean-Claude Juncker mwaka 2014, ulikuwa unapumua kwa shida. Chama cha ALDE, badala ya kumsimamisha mtu mmoja, kikaleta timu ya watu saba: Margrethe Vestager, Verhofstadt mwenyewe, Emma Bonino na wenzao wanne. Wagombea saba wa kiti kimoja ni sawa na kutokuwa na mgombea. Wakuu wa nchi hawakuhitaji kisingizio kikubwa kuliko hicho. Wakamleta Ursula von der Leyen ambaye hakuna mpiga kura aliyemwona kwenye kampeni hiyo. Tena hesabu ya vichwa, tena hofu ya kuchagua.

Upo utetezi mmoja wa Verhofstadt ninaousikia sana siku hizi, kwamba alikuwa mbele ya wakati wake, kwa sababu Julai 2019 wabunge 14 wa Nyota Tano walimpigia kura von der Leyen, naye alipita kwa 383 wakati alihitaji 374. Ni kweli, bila hao huenda asingepita. Lakini von der Leyen aliomba kura ya siku moja na akaipata. Hakuwaingiza nyumbani kwake wakae naye meza moja miaka miwili na nusu. Na katikati hapo, Juni 2018, Nyota Tano walikuwa wameunda serikali Roma pamoja na Lega ya Matteo Salvini. Fikirini kundi la Verhofstadt likilazimika kuitetea serikali hiyo kila Jumatatu. Wazee wake wa ALDE waliomkatalia jioni ile walimwokoa na aibu kubwa zaidi, na sijaona popote alipowashukuru.

Tangu 2024 wabunge wa Nyota Tano wanakaa kundi la The Left. Kutoka kwa Farage, kupitia mlango wa waliberali uliofungwa usoni mwao, hadi mrengo wa kushoto. Waliomsifu Verhofstadt kwa kuwasoma mapema wanieleze ni kitu gani alichokisoma. Mimi ninachokisoma ni karatasi ya kura ya tarehe 17 Januari 2017, duru ya kwanza: majina sita, na la kwake halikuwamo.