Dhana ya Usindikizaji katika Kazi za Karriem Riggins: Kutoka Jukwaa la Jazi hadi Studio ya Hip Hop

Utangulizi

Karriem Riggins, aliyezaliwa Detroit nchini Marekani mwaka 1975, hutambulishwa kwa vyeo viwili: mpiga dramu wa jazi na mtayarishaji wa muziki wa hip hop. Mazoea haya ya kumgawa yamezaa tathmini mbili zisizokutana. Kwa upande mmoja, hupimwa kwa bendi za jazi alizozipigia, na studio huonekana kuwa kazi yake ya pembeni. Kwa upande mwingine, hupimwa kwa midundo aliyowatengenezea marapa, na jazi huchukuliwa kuwa ghala la ujuzi analochota humo. Makala haya yanadai kuwa kazi zote mbili zinaongozwa na kanuni moja, nayo ni usindikizaji. Aidha, yanadai kuwa kanuni hiyo ndiyo inayoeleza nguvu ya kazi zake bora na pia udhaifu wa baadhi ya zile alizozitoa kwa jina lake peke yake.

Neno kusindikiza lina matumizi mawili yanayofaa katika uhakiki huu. Katika muziki, anayesindikiza hupiga ala ili sauti ya mwingine isikike vizuri zaidi. Katika maisha ya kila siku, mwenyeji humsindikiza mgeni sehemu ya njia, na mgeni ndiye anayepanga mwendo. Msindikizaji akitangulia mno huonekana kumfukuza mgeni. Akibaki nyuma mno huwa amemwacha. Mwendo, katika maana zake zote mbili, ndio kazi ya msingi ya mpiga dramu.

Usindikizaji jukwaani

Riggins alikulia katika familia ya muziki. Baba yake, Emmanuel Riggins, alikuwa mpiga kinanda aliyefanya kazi na mpiga gitaa Grant Green. Mwaka 1994 Riggins alijiunga na Jazz Ahead, mpango wa mwimbaji Betty Carter wa kuwalea wanamuziki chipukizi. Carter alijulikana kwa kuubadilisha mwendo wa wimbo katikati ya uimbaji, mara akiuvuta hadi karibu usimame, mara akiuharakisha bila ishara ndefu. Katika mazingira hayo, mpangilio uliokaririwa haukumtosha mpiga dramu. Alilazimika kuifuata pumzi ya mwimbaji na kuamua papo hapo.

Baadaye Riggins alipiga katika kundi la watu watatu la Ray Brown, mpiga besi aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2002. Hapa changamoto ilikuwa tofauti. Besi ya Brown ilikuwa na uthabiti wa kutosha kuubeba mwendo wa kundi zima, kiasi kwamba dramu nzito ingekuwa mzigo juu ya mzigo. Katika rekodi ya Live at Starbucks, Riggins analiacha toazi lifuate besi kwa karibu, na kuitumia ngoma ndogo kujibu miishio ya sentensi za piano. Hali kadhalika, katika Live at Yoshi's, iliyorekodiwa mwaka 2003 na mpiga piano Mulgrew Miller, nguvu ya upigaji wake huongezeka pale tu piano inapoiomba. Kujizuia huku kusichukuliwe kuwa uoga. Ni uamuzi wa kisanaa unaorudiwa kutoka wimbo hadi wimbo.

Usindikizaji studioni

Mtayarishaji wa hip hop hutengeneza mdundo ambao rapa atauwekea maneno. Kwa hiyo hata mashine inapochukua nafasi ya dramu, suali la msindikizaji halibadiliki: ni nafasi kiasi gani iachwe kwa ajili ya sauti? Suali hili linajitokeza wazi katika "Letter to the Free," wimbo wa rapa Common uliotungwa na Common, Riggins na mpiga piano Robert Glasper kwa ajili ya filamu 13th ya Ava DuVernay, ukatolewa mwaka 2016 na kupata tuzo ya Emmy mwaka 2017. Filamu hiyo inahusu kifungu cha Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani kinachoruhusu utumwa kuwa adhabu ya mkosaji. Mdundo wa wimbo ni wa polepole, na kati ya pigo na pigo pana uwazi mkubwa. Uwazi huo haujajazwa mapambo, na kutokana nao hoja ya rapa hupata uzito ambao mdundo wenye shughuli nyingi ungeupunguza.

Hata hivyo, mtihani mgumu zaidi wa kanuni hii ulitokea miaka 10 kabla ya wimbo huo. J Dilla, mtayarishaji wa Detroit na rafiki wa Riggins, alifariki tarehe 10 Februari 2006, akiwa hajaikamilisha albamu ya The Shining. Riggins ndiye aliyeikamilisha, nayo ikatolewa mwaka huohuo. Dilla alisifika kwa kuiacha midundo yake bila kunyooshwa na mashine, hivi kwamba mapigo mengine huwahi na mengine huchelewa kidogo. Kuimalizia kazi ya namna hiyo kulihitaji mtu anayeujua mwendo wa mwenzake kwa ndani. Riggins angeongeza mno, albamu ingekuwa yake; angeongeza kidogo mno, ingebaki kiunzi. Mafanikio yake ni kwamba mshono hauonekani. Lakini hapohapo uhakiki unapata tatizo: usindikizaji unapofanikiwa kikamilifu, hufuta ushahidi wa kuwapo kwake. Uhakiki unaogawa sifa kwa kufuata jina lililo kwenye jalada hauna njia ya kuiona kazi hii.

Msindikizaji asiye na mgeni

Ikiwa usindikizaji ndio msingi wa sanaa ya Riggins, albamu zake binafsi, Alone Together (2012) na Headnod Suite (2017), ni kesi ya lazima kuchunguzwa. Alone Together ina vipande zaidi ya 30, na vingi ni vifupi mno. Jina lake ni pia jina la wimbo wa mwaka 1932 unaofahamika sana miongoni mwa wapiga jazi, na linabeba mgongano wa kuwa peke yako na kuwa pamoja.

Ingekuwa rahisi kuulaumu ufupi huo, lakini lawama hiyo haina msingi. Donuts ya Dilla, iliyotolewa siku 3 kabla ya kifo chake, ina vipande 31 vifupi na bado ni kazi kamilifu, kwa sababu vipande vyake vimejaa vinyang'anyiro: sauti zilizokatwa hugombana na mdundo, na mdundo huzijibu. Katika vipande vingi vya Alone Together mdundo ni mzuri, sauti za ngoma zimechaguliwa kwa uangalifu, lakini hakuna anayeupinga. Kipande huisha kabla wazo halijajaribiwa. Msindikizaji yuko njiani, ila mgeni hayupo.

Dai hili linathibitishwa na kazi iliyofuata. Katika Pardon My French (2020), albamu ya kundi la Jahari Massamba Unit, Riggins anapiga dramu na Madlib anapiga ala nyingine zote. Mbinu za studio na za jukwaa zinakutana hapa bila kutenganishwa. Dramu ni huru kuliko katika albamu zake binafsi, ingawa ana mtu wa kumfuata. Au tuseme, ni huru kwa sababu yupo mtu wa kumfuata.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa Riggins hana taaluma mbili bali ana nidhamu moja iliyotumika katika mazingira mawili. Hoja hii haimshushi hadhi na kumfanya mtumishi wa wengine. Kinyume chake, inadai kuwa kufuata ni tendo la ubunifu, na kwamba linastahili kuhakikiwa kwa vigezo vyake lenyewe: nafasi iliyoachwa, wakati wa kujibu, na kiasi cha kujizuia. Maadamu uhakiki wa muziki unaendelea kumtafuta msanii mahali anaposikika zaidi, utaendelea kumkosa mpiga dramu huyu mahali alipofanya kazi yake kubwa kuliko zote.