Kabati la Vioo na Sauti ya Mtangazaji: Fani ya Makumbusho ya Kandanda

Makumbusho ya kandanda husomwa kwa miguu. Yana utangulizi mlangoni, yana msuko unaompitisha mgeni kutoka chumba hadi chumba, yana kilele, na aghalabu hitimisho lake ni duka la zawadi. Kwa hiyo yanaweza kuhakikiwa kama riwaya au tamthilia: nani anasimulia, kisa kinaanzia wapi, nani amepewa kauli na nani amenyamazishwa. Wageni wengi hutoka humo wakizungumzia maudhui tu, kikombe kile na jezi ile. Fani huwaponyoka, ilhali fani ndiyo inayoamua timu zipi zitaingia katika historia na zipi zitabaki nje ya lango.

Jambo hili lina uzito kwetu sisi wa Kiogoro, huku Nyaribari Chache, jirani na mji wa Kisii. Timu yetu ni Shabana, maarufu kwa jina la utani Tore Bobe. Ilianzishwa mwaka 1980, ikabeba jina la duka la vifaa vya ujenzi la mfanyabiashara Dogo Khan mjini Kisii. Imetoa wachezaji wa kukumbukwa, akiwemo mshambuliaji Henry Motego aliyevaa pia jezi ya timu ya taifa, Harambee Stars, lakini haijawahi kutwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Mwaka 2006 ilishuka daraja. Ilirejea 2023, miaka 17 baadaye. Siku eneo letu la Gusii litakapojenga makumbusho yake ya kandanda, litalazimika kuchagua fani, na fani zilizopo duniani hazitaitendea Shabana haki kwa kiwango kimoja.

Iliyozoeleka zaidi ni fani ya kabati. Makumbusho ya Taifa ya Kandanda ya Uingereza yalifunguliwa Preston mwaka 2001, kwenye uwanja wa Deepdale, nyumbani kwa Preston North End, mabingwa wa kwanza wa ligi ya nchi hiyo katika msimu wa 1888/89. Mwaka 2012 yalihamia katikati ya jiji la Manchester, ndani ya Urbis, jengo ambalo lenyewe limevikwa vioo. Kuhama huko kulibadilisha mandhari, na mandhari ni sehemu ya usimulizi. Deepdale, vitu vilikaa pale pale mchezo ulipochezwa. Manchester, jengo zima limekuwa kabati.

Kanuni ya kabati ni nyepesi: kitu kimoja, kibao kimoja, tarehe moja. Nguvu yake ni ushahidi. Mpira wa fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 uko mbele ya macho yako, na hakuna masimulizi yanayoweza kukushawishi kama ngozi ile. Udhaifu wake ulionekana wazi kwenye jezi aliyoivaa Diego Maradona dhidi ya Uingereza tarehe 22 Juni 1986, jezi iliyokaa katika makumbusho hayo kwa miaka mingi kwa mkopo wa Steve Hodge, Mwingereza aliyebadilishana naye baada ya mechi. Akiwa ndani ya jezi hiyo, Maradona alifunga mabao mawili katika muda wa dakika nne. La kwanza aliupiga mpira kwa mkono. La pili aliwachenga Waingereza kuanzia nusu yake ya uwanja. Bao moja ni hila, jingine ni ustadi usiosahaulika, na nguo haina alama ya kuyatenganisha. Mwendo umegeuka kitambaa. Mwaka 2022 jezi hiyo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 7, na hilo nalo ni tokeo la fani: kinachofaa kuwekwa kabatini hufaa pia kupigiwa bei.

Hapa kwetu kabati lingeipendelea klabu ya Gor Mahia, na kwa haki. Ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987. Hata hivyo, kikombe hakisimulii kwamba fainali dhidi ya Espérance ilikwisha 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi, kwamba Gor haikushinda hata mechi moja kati ya hizo mbili, na kwamba mabao ya ugenini ndiyo yaliyoamua. Tamthilia yote imo katika hesabu hiyo, na fedha inayong'aa imeifunika.

Ipo fani ya pili, ya orodha. Makumbusho ya FIFA, yaliyofunguliwa Zurich mwaka 2016, yamepanga jezi za mataifa wanachama kwa rangi, kama upinde wa mvua. Kenya imo, wala haiulizwi imeshinda nini. Mpangilio huo una adabu: Brazil inaweza kukaa karibu na nchi isiyowahi kufuzu, mradi rangi zao zinakaribiana. Kinachokosekana ni kisa. Orodha inakwambia nani yupo, haikwambii kilichompata.

Fani ya tatu ndiyo inayonivuta. Makumbusho ya Kandanda ya São Paulo yalifunguliwa mwaka 2008 chini ya majukwaa ya uwanja wa Pacaembu. Yana vitu halisi vichache. Hutegemea zaidi picha, sauti na giza. Wachezaji wakubwa huonekana wakielea kwenye skrini zinazoning'inia, bila kibao cha kumfungia yeyote katika tarehe moja. Kuna sehemu ambapo mgeni hupita chini kabisa ya majukwaa, kwenye saruji tupu, akizingirwa na nyimbo za mashabiki. Kuna vibanda vya kusikilizia watangazaji wa redio wakitangaza mabao. Msuko nao ni wa kijasiri. Nchi yenye Kombe la Dunia mara tano imetenga chumba kizima cha giza kwa kushindwa kwake 2-1 na Uruguay mwaka 1950, nyumbani Maracanã, na kukiita chumba cha kupita jandoni.

Uamuzi huo si wa majonzi tu. Katika mechi ile Brazil ilivaa jezi nyeupe. Baada ya kipigo ilitafuta jezi mpya kwa shindano, na ndiyo njano tunayoijua leo. Kabati lingekuonyesha jezi ya njano na kunyamaza. Chumba cha giza kinakupa sababu yake. Hapo fani imefanya kazi ya msimulizi stadi: imeweka kipigo mahali pa mgeuko wa kisa, badala ya kukificha kati ya vikombe viwili.

Kuhusu vibanda vya redio, sisi tumekulia ndani ya fani hiyo. Kizazi kizima cha Wakenya kilimwona mchezaji Joe Kadenge kwa masikio, kupitia mtangazaji Leonard Mambo Mbotela wa redio ya Sauti ya Kenya. Kadenge alifariki Julai 2019, Mbotela Februari 2025, na kauli yake "Kadenge na mpira" ingali hai midomoni mwa watu ambao hawakuwahi kumwona akicheza. Isikilize kama sanaa. Haina kitenzi cha tendo: hakimbii, hapigi, hachengi. Mtangazaji amemtaja mtu na kitu, basi, kwa sababu miguu ya Kadenge ilikuwa na kasi kuliko maelezo, na nafasi iliyobaki aliijaza msikilizaji mwenyewe. Ongeza takriri ya majina, sauti inayopanda mpira unapokaribia lango, kisha mlipuko wa bao: hiyo ni fasihi simulizi yenye mbinu zake kamili. Runinga imeiondoa sehemu ya msikilizaji katika utunzi huo.

Sasa tuipitishe Shabana katika fani hizo tatu. Kabatini, miaka 17 ni rafu tupu, na mgeni ataipita haraka akitafuta kikombe. Kwenye orodha, ni jezi moja kati ya nyingi. Kwa mbinu ya São Paulo, miaka hiyo 17 inakuwa kitovu cha msuko: timu inashuka, jina halifi, timu inarudi. Bila kushuka, kurejea kwa 2023 hakuna maana yoyote ya kisanaa.

Sisemi kabati litupwe. Sauti ina hila zake: mtangazaji humpenda mfungaji na kumsahau beki, na kanda isiyotunzwa hupotea bila kuacha hata vumbi. Tena kuna vitu vinavyodai kabati kwa dharura. Watoto wa Kenya walichezea mipira waliyoifuma wenyewe kwa juala, yaani mifuko ya plastiki, na kamba. Huku kwenye migomba, majani makavu nayo yalifaa. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, marufuku yenye manufaa kwa mito na mashamba, lakini ikauondoa mtaani mpira huo pamoja na malighafi yake. Mpira wa juala hauna sahihi ya mchezaji, hauna mnada utakaoutaka, na kibao chake hakitakuwa na jina la mtu. Kwa sababu hizo hasa unastahili kioo kizito kuliko jezi ya milioni 7. Wanawake nao wanadai kumbukumbu ya namna hiyo: chama cha soka cha Uingereza kiliwafungia viwanja vya klabu wanachama wake tangu 1921 kwa takriban nusu karne, na aliyenyimwa uwanja hakuachiwa vikombe vya kupanga rafuni.

Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na mazungumzo yote ni ya nyasi, paa na viti. Serikali ya Kaunti ya Kisii na uongozi wa klabu wafikirie pia kumbukumbu, na wakifika huko wasianze kwa kuagiza makabati. Mgeni aingie kwa sikio, apite katika chumba cha miaka 17, ndipo afike kwenye vioo. Hatua ya kwanza haihitaji hata jengo: inahitaji kinasa sauti na waliocheza Shabana ya 1980, maadamu wangali hai na wangali wanakumbuka. Tuwarekodi mwaka huu.