House VI: Mstari Uliotenganisha Vitanda

Mwalimu anayefundisha usanifu kwa michoro ya House VI bila kuutaja mpasuo wa chumba cha kulala amefundisha nusu ya somo, tena ile nusu rahisi. Michoro yenyewe mnaijua: mfululizo wa aksonometria, bapa moja linakata jingine, gridi inasogea, mpaka nyumba inaonekana kama imejizaa. Kwa kufundisha jinsi umbo linavyobadilika ni kazi safi. Ugomvi wangu ni na uamuzi mmoja tu wa msanifu wa nyumba hiyo, Peter Eisenman, pale Cornwall, Connecticut, kati ya 1972 na 1975, na uamuzi huo ulikuwa mbaya.

Mnaukumbuka mpasuo. Ukanda mwembamba wa kioo unaanzia ukutani, unashuka, kisha unaendelea sakafuni na kukigawa chumba pande mbili. Kitanda cha watu wawili hakikai. Kwa hiyo akina Frank, mume na mke waliolipia nyumba ile, wakawekewa vitanda viwili, kila mmoja ng'ambo yake.

Tuuchambue mstari huo kama tungeuchambua kwa mwanafunzi mbele ya jopo. Umebeba mzigo? Haukubeba. Unaongoza mwendo wa mtu? Hapana, unauzuia. Mwanga unaopitisha, dirisha la kawaida lingeuleta bila kumgusa mtu. Kazi yake pekee ni kukamilisha ulinganifu unaoonekana kwenye karatasi, na kwenye karatasi ile hakuna samani. Hapo ndipo kosa lilipo. Angeweza kuukatishia mstari ukutani, na jicho lingeumalizia lenyewe. Angeweza pia kuusogeza kwa upana wa godoro moja, kwa kuwa mfululizo wake mzima ni kusogeza na kusogeza tena. Basi ni kwa nini ishindikane kusogeza mara moja zaidi kwa ajili ya mtu aliyelala? Alikataa kwa sababu alishaukabidhi mchoro mamlaka ya kuamua, na mchoro haulali usingizi.

Watetezi wake watasema ndiyo nia: nyumba imkumbushe mkaaji kila saa kwamba ipo. Watamtaja Suzanne Frank, aliyeandika kitabu kizima mwaka 1994 kuhusu maisha yake humo bila kuficha mapenzi wala kero. Sawa. Mteja mvumilivu hageuzi kosa la ramani kuwa sifa yake. Ngazi nyekundu iliyopinduliwa juu chini simlaumu nayo, maana haimzuii mtu kupita. Nguzo ya mezani, inayowatenga wanaokula, ni ugonjwa uleule kwa dozi ndogo.

Chanzo cha ugonjwa huo nimekisema sana na nitakirudia. Mwaka 1947 mhakiki Colin Rowe alilinganisha jengo la Palladio pale Malcontenta na lile la Le Corbusier pale Garches. Mwaka 1949 mwanahistoria Rudolf Wittkower akachora majumba kumi na moja ya Palladio kwa mistari mitupu, kisha mchoro wa kumi na mbili akauchora kama kiini chao. Kazi nzuri mno, zote mbili. Lakini zilisoma majengo yaliyokwisha kusimama. Rowe akawa mwalimu wa Eisenman pale Cambridge, na chombo cha kusomea kikageuzwa kuwa mashine ya kubunia. Bildi hupima kina cha maji. Haishiki usukani wa jahazi.

Mwanafunzi akitaka kuona mchoro unavyofaa kutumika, aende Rochester, New York, kwa Louis Kahn. Mwaka 1959 alipewa kanisa la Waunitaria, akachora ukumbi katikati, njia ya kuuzunguka, shule pembezoni, na alama ya kuuliza moyoni mwa mchoro. Rasimu ya kwanza iliushika mchoro kwa ukaidi, na kanisa likaikataa. Kahn akaivunja jiometria. Vyumba vya shule vikanyooshwa na kusukumwa kila kimoja kwa haja yake, pembe nne za ukumbi zikapata minara ya mwanga. Ila ukumbi ulibaki katikati na shule ikabaki pembezoni, na hilo ndilo mchoro ulilokuwa unalisema tangu mwanzo. Weka rasimu ya kwanza kando ya jengo la 1962 uone ni mistari gani iliyokufa na ni uhusiano gani uliopona. Hilo ni somo la muhula mzima.

Leo majopo yetu yamejaa mishale. Tangu msanifu Bjarke Ingels atoe kitabu chake cha katuni mwaka 2009, kila mwanafunzi ana boksi linalosukumwa hapa, linalokatwa pale, mshale wa jua, mshale wa mandhari, na jengo linatoka bila jasho. Mara nyingi mchoro huo umechorwa usiku wa kuamkia kuwasilisha, jengo likiwa limeshakamilika. Hata hivyo mshale wa jua unajua jua lilipo. Mstari wa House VI haukujua hata kitanda kilipo.

Na bado wanaubandika mfululizo wa House VI ukutani kila muhula, hatua ya kwanza hadi ya mwisho, bila ramani ya chumba kando yake. Ibandikwe, kwa skeli moja, na vitanda vichorwe.