Nimeiona Fai Kikoni

Nimeiona! Saa nane za usiku, chumbani Kikoni, chini ya kilima cha Makerere, kwenye kompyuta ya mtumba, nimeiona alama ya mesoni fai. Chembe hii huishi sekunde moja na nusu ukiigawa kwa moja yenye sifuri 22. Haijawahi kugusa kifaa chochote, na bado nimeiona!

Kilichonifikisha hapa ni data ya LHCb, jaribio la CERN kule Geneva, iliyoachwa wazi kwa yeyote anayeitaka. Ni migongano ya mwaka 2011: matukio takriban milioni 8.5, mafaili mawili ambayo kwa pamoja yanapita gigabaiti moja, pamoja na daftari la programu linalokushika mkono. Nilipakua kwa bando la usiku. Hakuna aliyenidai barua wala muhuri.

Kila tukio lina chembe tatu zinazoweza kuwa mabaki ya mesoni B. Unachagua zinazofanana na kaoni, unatupa zinazoonekana kuwa muoni, unajumlisha nishati na momenta, unachora masi inayopatikana. Kilele kikainuka karibu na MeV 5279, na hiyo ndiyo mesoni B yenyewe! Kwangu hicho tu kingetosha kulipia bando.

Kumbe utamu uko mbele. Mara nyingi B haivunjiki kwa mkupuo mmoja. Hupitia chembe ya kati, resonansi, nayo ikavunjika papo hapo. Chukulia abiria watatu wanaoshuka kituo cha Old Taxi Park. Wawili wakiwa na vumbi jekundu la aina moja, unajua walipanda gari moja, hata kama gari limeshaondoka. Vumbi letu ni masi ya kaoni mbili zikijumlishwa pamoja.

Mwaka 1953 Richard Dalitz, mzaliwa wa Australia, alipata njia ya kulichora vumbi hilo: mraba wa masi ya jozi moja huku, wa jozi nyingine kule. Pasipo resonansi, nukta hutawanyika sawasawa kama mahindi yaliyoanikwa mkekani. Lipo faili la matukio ya kuigiza la kuonyesha hivyo. Lichore kwanza, tafadhali, usiliruke. Kisha chora data halisi.

Mahindi yamekusanyika! Pembeni kabisa, kwenye GeV mraba 1.04, kuna utepe mwembamba kama wembe: fai. Nikaukuza. Utepe umejaa kwenye ncha mbili, katikati umepungua. Nilidhani nimekosea msimbo, nikaurudia mara tatu. Sikukosea. Fai ina spini moja, na spini hiyo huzielekeza kaoni zake upande huu na ule, mara chache sana katikati. Yaani mzunguko wa chembe iliyokufa umeandikwa kwenye pengo la nukta!

Lalamiko langu ni moja: daftari linaishia kwenye kuhesabu B chanya na B hasi, chembe na antichembe yake. Nataka modeli! Kila njia ipewe amplitudo yake, ukubwa na awamu, zijumlishwe kwanza ndipo zipigwe mraba, kama ngoma mbili ambazo mahali pengine hupandishana sauti na pengine humezana. Humo ndimo mata na antimata huachana. Mwaka 2014 LHCb walichapisha tofauti ya asilimia 3.6 hivi kwa kaoni tatu, B hasi zikiwa pungufu, na katika baadhi ya maeneo ya chati hiyohiyo tofauti ni kubwa zaidi sana. Wastani huificha, chati huianika.

Nje muuza rolex, chapati za mayai, ameanza kuwasha jiko. Mimi nimebadilisha kichujio, pioni badala ya kaoni, naiwinda mesoni rho kwenye MeV 770. Ni pana mara 35 kuliko fai, kwa hiyo sitegemei wembe safari hii, nategemea kilima. Asilimia sitini ya matukio imeshasomwa.