Mnakili na Mstari Asioujua

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kumtazama mnakili kwa shaka, kwani ndiye asahihishaye neno la kale kwa sababu halijui. Shaka hiyo yafaa iyafikie pia maandishi ambayo mwuza tangawizi wa Mamba Miamba huyatumia kila afunguapo simu sokoni Same, wala hajapata kuyaona. Tangu toleo la sita, la mwaka 2015, simu za Android hufunga siri zake kwa BoringSSL, maktaba ya programu ambayo Google iliichepua kutoka OpenSSL mwaka 2014.

Mpare anajua mchepuko ni nini. Avutaye mfereji kutoka ndiva, bwawa lijazwalo usiku, hupata maji pamoja na tope lake. Na tope huondolewa kwa msaragambo. Katika programu wanywao ni mamilioni, wazibuao wachache.

Ugumu umo chini kabisa, katika lugha ya asembli. Hapo mnakili hukuta hesabu ikifanywa na jibu lake likitupwa. Ataiona kuwa ni upuuzi, kumbe imewekwa makusudi ili kazi ichukue muda uleule kwa kila ufunguo, maana adui apimaye muda aweza kukisia siri.

Mwaka 2006 mtunzaji wa nakala ya OpenSSL katika mfumo wa Debian aliondoa mistari miwili, kwa kuwa chombo cha ukaguzi kiliilalamikia. Mmoja haukuwa na kazi kubwa. Wa pili ndio ulioingiza ile hali ya kutotabirika. Mpaka kosa lilipotangazwa Mei 2008, funguo zilizotengenezwa humo zilitegemea namba ya mchakato peke yake, namba isiyozidi 32,768. Mwizi angeweza kuzijaribu zote.

Walakini woga si dawa. Watu wa OpenBSD walipoichepua LibreSSL, Aprili 2014, walifuta mistari ipatayo 90,000 katika juma la kwanza, na walistahili sifa, kwani mingi ilitumikia mashine zilizokwisha kufa, nao walijua hivyo.

Baada ya hapo huanza kazi isiyo na sifa. Kosa likisahihishwa katika OpenSSL, sahihisho haliteremki lenyewe kama maji. Mtu sharti alisome, atazame kama mstari ule ungalipo upande wake, kisha alinakili kwa mkono.