Nyangumi katika Mizani ya Mila

Msomaji, wazee wetu walituachia methali mbili, na kila moja ni kweli ikisemwa peke yake. Moja yasema, Mwacha mila ni mtumwa. Ya pili yasema, Bandu bandu huisha gogo. Lakini zikikutana juu ya jambo moja hushindana, na ushindani huo waonekana wazi sana katika uwindaji wa nyangumi. Mwenye chusa hutoa hoja ya methali ya kwanza, ijapokuwa hakuisikia maishani mwake. Mhifadhi wa wanyama hutoa hoja ya methali ya pili. Yafaa tuzipime hoja zote mbili.

Tuanze na mhifadhi. Hoja yake ina nguvu. Nyangumi jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati, kisha aghalabu hupita miaka kadhaa kabla hajazaa tena. Katika karne ya 20 pekee waliuawa nyangumi karibu milioni 3. Ndiyo sababu Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, iliyotokana na mkataba wa 1946, iliamua mwaka 1982 kusimamisha uwindaji wa biashara, na amri hiyo ikaanza kutumika mwaka 1986. Lakini ni nani aliyewaua hao milioni 3? Wengi mno waliuawa na merikebu za injini zenye mizinga ya kurusha chusa, zilizotoka katika mataifa yenye viwanda kutafuta mafuta ya kutengenezea sabuni na majarini. Mhifadhi anayelisahau jambo hili afanana na mtu aliyekula nyama yote ya chunguni, kisha akamkaripia mtoto kwa kulamba mwiko.

Sasa tumsikilize mwenye mila. Huko Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani, wanaishi Wainupiat, ambao tangu kale huwinda nyangumi wakubwa wa maji ya barafu kwa mashua za ngozi. Nyama hugawiwa mji mzima bila malipo, na mwanzoni mwa kiangazi hufanywa sikukuu ya shukrani. Mwaka 1848 wawindaji wa biashara walifika katika bahari hiyo, na baada ya miongo michache nyangumi hao walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1977 wataalamu walikadiria kwamba waliobaki walikuwa wachache mno. Tena wengine walikuwa wakipigwa chusa na kupotea majini na majeraha yao. Tume ikaamua kwamba Wainupiat wasiwinde hata mmoja.

Walifanya nini? Walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hawakukaa na hasira yao mikono mitupu. Mwaka huo huo waliunda tume yao wenyewe ya wawindaji, wakajiwekea sheria, na wakakubali kiwango: kwa mwaka 1978 waliruhusiwa kupata nyangumi 12, au kupiga 18. Kisha wakawaambia wataalamu kwamba hesabu yao ina kasoro, kwa kuwa nyangumi hupita pia chini ya barafu, ambako macho ya mtu hayafiki. Wataalamu wakatega vyombo vya kusikilizia sauti chini ya maji, wakasikia walichokuwa hawakioni. Wazee walikuwa wamesema kweli. Hesabu ya mwaka 2011 ilionyesha nyangumi zaidi ya 16,000, na uwindaji ungali ukiendelea kwa kiwango.

Linganisha na Japani. Katika miji ya pwani kama Taiji watu waliwinda nyangumi tangu karne ya 17, na hiyo ni mila isiyokanika. Lakini merikebu za Japani zilianza kuwinda katika bahari ya Antaktika mwaka 1934, kwa vyombo na ufundi wa kiwanda. Baada ya biashara kusimamishwa, ziliendelea kwenda huko kwa jina la utafiti, hata Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua mwaka 2014 kwamba mpango ule haukuwa kwa ajili ya utafiti wa sayansi. Mwaka 2019 Japani ilijitoa katika Tume na kurudia uwindaji wa biashara katika maji yake yenyewe. Hapa mila ya kijiji ilivishwa biashara ya mbali kama kanzu ya kuazima, na kanzu haikumtosha aliyeivaa.

Basi hukumu yangu ni hii: mila haijulikani kwa umri wake tu, hujulikana kwa kujizuia kwake. Inayokubali kuhesabiwa na kuwekewa mpaka yastahili heshima. Inayokataa hesabu yajichimbia kaburi, maana nyangumi akiisha, mila nayo imekwisha. Wapo wasemao kwamba maumivu ya nyangumi mmoja tu ni mengi mno. Neno hilo hesabu haiwezi kulijibu, nami sitajifanya kwamba imelijibu.

Usidhani, msomaji, kwamba habari hii ni ya watu wa mbali. Mwaka ule ule wa 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1950, Wawaata wengi waliowinda ndovu kwa upinde katika nchi ya Tsavo walikuwa wamekwisha kukamatwa na kufungwa. Ndovu walihitaji ulinzi. Hilo halina shaka. Lakini jiulize: wale waliozijua njia za ndovu kuliko mtu ye yote, je, waliitwa kusaidia kuhesabu, au waliitwa mahakamani tu?