Imani FC na Uwanja Usio na Mwenyewe: Uhakiki wa Tamthilia ya Televisheni "The Team"

Tamthilia ya televisheni haijapewa nafasi kubwa katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili katika shule zetu. Sababu zinaeleweka. Kitabu teule kinatubana, muhula ni mfupi, na mwalimu anayehangaika kumaliza tamthilia iliyoandikwa hana saa ya kukaa na wanafunzi mbele ya runinga. Hata hivyo Wakenya wengi walikutana na sanaa ya maigizo kupitia Vitimbi, Vioja Mahakamani na Tausi kabla ya kushika nakala ya Kifo Kisimani. Walijua mgogoro ni nini kabla hawajafundishwa kuuita mgogoro.

Makala haya yanachunguza kazi moja ya aina hiyo, The Team, iliyoanza kuonyeshwa katika runinga ya Citizen mwaka 2009. Ni hadithi ya klabu ya kandanda ya kubuni iitwayo Imani FC, ambayo wachezaji wake wanatoka katika makabila na hali mbalimbali za maisha. Wanafunzi wengi wanaoketi mbele yetu leo walizaliwa karibu na mwaka huo na hawaijui. Tunairejelea kwa sababu sitiari yake haijaondoka: kila uchaguzi unapokaribia tunaambiwa kwamba Kenya ni timu moja. Je, timu ya kandanda ina uwezo wa kuibeba nchi?

Mazingira ya utunzi wake yanajulikana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya nusu milioni wakafukuzwa makwao kabla ya mkataba wa Februari 2008 kutuliza hali. Shirika la Search for Common Ground, kwa ushirikiano na Media Focus on Africa, lilikusudia kuwafikia vijana kwa kitu ambacho wangekitazama kwa hiari, nacho ni mpira. Muundo uo huo umetumiwa katika nchi nyingine, zikiwemo Moroko na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Humu nchini hadithi ilipelekwa pia kwa sinema za kuhamahama, watu wakaitazama pamoja na kuijadili papo hapo.

Kwa hiyo hii ni kazi iliyoagizwa, na wapo wahakiki wanaodhani kwamba hukumu yake inaishia hapo. Hatuafikiani nao. Utendi wa Tambuka unaelezwa kuwa ulitungwa kwa agizo la mtawala wa Pate, na hakuna anayeutupa kwa sababu hiyo. Kosa la fasihi ya wasia si kuagizwa. Kosa huja pale ambapo mwagizaji anajua jibu kabla ya mhusika kufungua kinywa.

Ubora wa dhana ya Imani FC uko katika udogo wake. Taifa ni kubwa mno kuweza kupandishwa jukwaani, lakini wachezaji kumi na mmoja na kocha wao wanatosha chumba kimoja. Wanalazimika kutegemeana kwa namna ambayo majirani wa mtaa mmoja hawalazimiki: winga asipopata pasi, watazamaji wote wanaona nani amemnyima. Chuki ambayo kwa kawaida hujificha katika maneno ya heshima hujitokeza mguuni. Mwandishi yeyote wa tamthilia angetamani hali kama hiyo, maana inamwondolea kazi ya kueleza. Na jina la klabu limeteuliwa vyema. Imani ni neno ambalo hapa Isiolo mwanafunzi analisikia msikitini na kanisani, na maana yake ya pili, ile ya kumwonea mtu huruma, inafanya kazi kimyakimya nyuma ya ile ya kwanza. Ni ajabu kidogo kwamba klabu yenye jina zuri hivyo iliwekwa katika tamthilia yenye anwani ya Kiingereza.

Tatizo linaanza tunapouliza klabu hii imetoka wapi. Klabu za Kenya hazikuzaliwa bila ukoo. Abaluhya FC ilianzishwa mwaka 1964. Gor Mahia ilitokea mwaka 1968, nayo ikachukua jina la mganga mashuhuri wa visasili vya Waluo; ni klabu inayobeba ngano katika jezi yake. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards mwaka 1980, na Luo Union ikageuka Re-Union. Majina yalibadilika kwenye karatasi. Jukwaani mashabiki waliendelea kuimba kwa lugha zao, na wanaimba hadi leo.

Hapa ndipo tunapoona kwamba The Team imeugeuza uhalisia juu chini. Katika klabu halisi, kabila liko kwa mashabiki, ilhali uwanjani limekwisha kuyeyuka siku nyingi. Gor Mahia imesajili wachezaji wa makabila mbalimbali ya Kenya, na wengine kutoka Uganda na Rwanda. Meddie Kagere alishangiliwa na watu ambao hawakuweza kusema naye neno moja la lugha yao. Shabiki hamuulizi mfungaji babu yake alizikwa wapi. Imani FC, kwa upande wake, inaliingiza kabila ndani ya chumba cha kubadilishia nguo na kuwabebesha wachezaji mzigo wa hadithi. Huo ni uamuzi wa kisanaa na mtunzi ana haki nao. Lakini una gharama, kwa kuwa unafumbia macho lile ambalo Wakenya wamekwisha kulivumbua wenyewe bila shirika lolote. Mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huitwa ya mashemeji. Walimu wa fasihi simulizi wanalijua jambo hili kwa jina jingine: ni malumbano ya utani, yenye kanuni zake, matusi yake yanayoruhusiwa na mipaka yake isiyovukwa. Wapo siku ambazo mipaka hiyo imevukwa na viti vikarushwa, hilo hatulikatai. Hata hivyo tamthilia ya kandanda ya Kenya ambayo ingewaweka mashemeji hao wawili jukwaani ingekuwa na mgogoro, ucheshi na lugha kuliko klabu isiyo na ukoo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Timu hugombana kwa sababu ya dharau, wivu, tetesi na nafasi ya unahodha. Yote hayo ni mambo ya moyo, na moyo unaweza kubadilishwa katika kipindi cha dakika chache. Je, Kenya iligombana kwa sababu hizo tu mwaka 2008? Bonde la Ufa lilikuwa na swali la ardhi miongo mingi kabla ya kura kuhesabiwa, na ripoti ya tume ya Ndung'u kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ilikuwa imekabidhiwa serikali tangu 2004. Hapa kwetu Isiolo, mapigano ya mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 hayakuanzishwa na watu waliokosa kufahamiana. Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru wa mji huu wanafahamiana vizuri sana. Wananunuliana mbuzi na kukopeshana unga. Wanachogombania ni malisho, maji, mipaka na viti vya uongozi. Mwalimu wa Isiolo anayewaambia wanafunzi kwamba dawa ya hayo ni kupeana pasi atasikilizwa kwa adabu, kisha hataaminiwa.

Uwanja wa mpira katika tamthilia ni kama ardhi isiyo na mwenyewe. Mistari yake imechorwa kwa chokaa, hakuna anayelisha ng'ombe hapo, na hakuna anayeulizia hatimiliki. Ndiyo sababu unafaa kwa ndoto ya umoja. Lakini Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walipigwa mabomu ya machozi walipokuwa wakidai uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta. Uwanja una mwenyewe, au una wanaotaka kuwa wenyewe. Mtunzi angalianzia hapo, kwa klabu inayocheza vizuri lakini inanyang'anywa mahali pa kuchezea, kabila lingaliingia hadithini kwa mlango wake wa kweli: nani anamjua mkubwa wa ardhi, na nani anaahidiwa nini ili anyamaze. Wachezaji wangalilazimika kuchagua, na uchaguzi wao ungaligharimu kitu.

Kuna pia swali la ushindi. Kandanda ya kubuni ina mvuto wa kuelekea kombe. Uingereza ilikuwa na Dream Team katika runinga ya Sky One kuanzia 1997 hadi 2007, juu ya klabu ya kubuni ya Harchester United. Ilidumu miaka kumi kwa kuwapa watazamaji vifo, usaliti na misiba ambayo klabu halisi haiwezi kupata hata katika karne mbili. Ile ilikuwa burudani na haikuona haya. Tamthilia yenye wasia haiwezi kujiachilia hivyo, lakini inavutwa na kamba ileile. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi la kutunga onyesho fupi kuhusu timu iliyogawanyika. Karibu wote walimalizia kwa bao la dakika ya mwisho na kukumbatiana. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na wakifungwa?" Darasa lilicheka, lakini swali hilo ndilo uhakiki wenyewe. Ikiwa umoja unathibitishwa na ushindi, basi umoja ni mbinu ya kushinda tu, na siku ya kufungwa kila mtu ana ruhusa ya kurudi kwao.

Tukilinganisha na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, tunaona njia nyingine. Momanyi anabuni nchi ya Matuo, anabuni na makabila yake, akayapa majina. Kwa kuwa ni ya kubuni, anaweza kusema waziwazi nani anabaguliwa, nani anafaidika na kwa utaratibu gani wa utawala. Chuki katika riwaya hiyo ina ofisi na mshahara. Msomaji anaelewa kwamba hata Mtemi Lesulia angekuwa mtu mwenye tabia nzuri, bado mfumo wake ungehitaji kuvunjwa. Katika hadithi ya timu, kinyume chake, wabaya wakitubu kazi imekwisha. Riwaya ina nafasi kuliko kipindi cha runinga, ni kweli, lakini tofauti hii haitokani na urefu. Inatokana na mahali ambapo mtunzi ameliweka tatizo: katika mioyo ya watu au katika mambo wanayogawana.

Tunapendekeza kazi hizi mbili zifundishwe pamoja inapowezekana, hata kama ni kwa mwalimu kusimulia tu mkondo wa The Team, kwa sababu shule nyingi za huku kaskazini hazina mtambo wa kuonyeshea. Mada ya ukabila haitakosa kuzungumzwa, mtihani umeizoea. Kinachokosekana ni zoezi la kuwafanya wanafunzi waandike onyesho ambalo halimo: Imani FC imefungwa mabao manne kwa nunge, basi limeharibika njiani, ni usiku, na wachezaji hawana budi kukaa pamoja hadi asubuhi. Hakuna kocha wa kuwahubiria, na hakuna kombe la kuwapatanisha. Wanafunzi wangu walipolijaribu, nusu yao hawakupata la kuwasemesha wahusika kwa ukurasa mzima. Nusu ya pili waliandika kuhusu maji: nani alikuwa na chupa, na aliigawa vipi.